Wachoraji na Jamii Zao (2): Elimo Njau, kutoka Marangu hadi ukuta wa Murang'a

Katika sehemu ya kwanza tulitazama kazi za mikono za mama zetu wa Mbulu na Hanang: sketi za ngozi ambazo mabinti wa Kiiraqw walizitia shanga wakiwa wamewekwa ndani kwa unyago wa marmo, na bangili za shaba wanazovaa wake wa Kibarbaig. Leo nawaletea mchoraji aliyesomea sanaa chuoni, akaamua kwamba elimu hiyo haina maana isipowarudia watu wa nyumbani.

Elimo Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Alisomea sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanza kufundisha uchoraji barazani kwake miaka ya 1930, wakati ambapo wakoloni wengi walidhani Mwafrika hana la kufundishwa katika fani hiyo. Njau hakuwa Mchaga wa kwanza kupita hapo. Alitanguliwa na Sam Ntiro wa Machame, ambaye baadaye alisoma London na, baada ya Uhuru, akaiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza kama Balozi.

Kazi iliyomtambulisha Njau iko Murang'a, Kenya, mji ulioitwa Fort Hall enzi hizo. Kanisa la Anglikana lilijengwa pale kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na Njau, kijana aliyetoka Makerere karibuni, akapewa kuta za kuchora. Alizimaliza mwaka 1959, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa. Ni michoro mitano mikubwa inayosimulia maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Yesu wake ni mtu mweusi. Mabonde, miti na nyumba ni za nchi ya Wakikuyu, na watu wanaomzunguka ni watu wa pale.

Tutafakari uzito wa jambo hili. Waliokuja kusali pale walikuwa wafiwa. Kila ukoo ulikuwa na maiti wake, na mara nyingine waliouana walikuwa jirani kwa jirani. Kuwachorea watu hao mateso ya Yesu yakitokea kwenye vilima vyao wenyewe kulikuwa kuwaambia kwamba msiba wao umeonekana. Mimi naamini hakuna hotuba ya mtawala yeyote wa wakati ule iliyofanya kazi hiyo.

Njau hakutulia na sifa. Nairobi alifanya kazi katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoongozwa na mwandishi wa Afrika Kusini, Es'kia Mphahlele. Mwaka 1965 yeye na wenzake, akiwemo mshairi Jonathan Kariara, walianzisha Paa ya Paa, miongoni mwa nyumba za kwanza za sanaa Afrika Mashariki kuendeshwa na Waafrika wenyewe. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina yake. Yeye na mkewe, Phillda, wakaanza upya. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya 1960 alifungua Kibo Gallery kwao Marangu, ili mtoto wa mkulima wa kahawa aone michoro bila kupanda basi la kwenda mjini. Wanafunzi wake aliwakataza kunakili: aliyeumbwa na Mungu ana chake cha kuumba.

Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zimejengwa, misaada imetolewa, na hilo ni jema. Ila wako watoto walioona tope likichukua ndugu zao, na wengi hawana maneno ya kulisimulia. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kuchora. Kuta za madarasa zipo. Udongo mwekundu, chokaa na mkaa vipo. Majirani zetu wa Kondoa wanatunza michoro ya mapangoni ya maelfu ya miaka, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora hawakusubiri rangi za dukani.

Nawaomba walimu wa Katesh, Haydom na Mbulu mjini watenge ukuta mmoja tu kila shule. Waiteni wazee wa Kiiraqw na wa Kibarbaig wawasimulie watoto kwanza, kisha waacheni wachore wanavyoona wao, bila kuwapa picha ya kunakili. Wachungaji na mapadre nao wanaweza kufanya hivyo makanisani. Halmashauri isaidie kuezeka vizuri ili mvua isiharibu.

Sehemu ya tatu itahusu bung'eda, kaburi refu la udongo ambalo Wabarbaig humjengea mzee aliyeheshimika.