Redmi Pad SE au Galaxy Tab A9+? Kabla ya kulipa, uliza laini inakaa wapi

Mzazi ana mtoto kidato cha pili, ana pesa aliyoidunduliza kwa miezi kadhaa, na anataka kishikwambi kimoja tu kitakachodumu. Akizunguka maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akisema anataka kioo kikubwa kwa bei ya chini, majina mawili hayachelewi kutajwa: Redmi Pad SE ya Xiaomi na Galaxy Tab A9+ ya Samsung. Akiuliza tofauti, anaweza kujibiwa kirahisi: “Mama, hizi ni kitu kimoja, wewe chagua jina tu.”

Kwa macho, muuzaji hajakosea sana. Zote zina kioo cha inchi 11 chenye ukali uleule wa pikseli 1920 kwa 1200. Zote zina spika nne, kamera ya nyuma ya megapikseli 8 na ya mbele megapikseli 5. Zote zina tundu la earphone la kawaida na zinapokea memori kadi. Hata uzito: Redmi ina gramu 478, Samsung 480. Gramu mbili! Zilitoka mwaka mmoja pia, Redmi Agosti 2023 na Samsung Oktoba 2023, na kwa kuwa zote zimeshapata wadogo zao, bei zake sasa zinashikika zaidi.

Tofauti zipo, ila zimekaa sehemu ambazo kava na kioo havikuonyeshi. Na moja kati ya hizo inaweza kumfanya mtoto abaki na kifaa kizuri kisicho na intaneti.

Ishu ya kwanza ni laini

Redmi Pad SE ya inchi 11 haina sehemu ya kuweka laini. Haina kabisa, toleo lolote lile. Kitundu kinachoonekana ubavuni ni cha memori kadi tu. Intaneti yake inaingia kwa Wi-Fi peke yake.

Galaxy Tab A9+ imegawanyika. Kuna ya Wi-Fi tu, na kuna ya 5G inayopokea laini. Kwa mbele zinafanana, na duka linaweza kuwa nazo zote mbili. Kinachozitofautisha ni namba ya modeli iliyoandikwa kwenye boksi: SM-X210 ni ya Wi-Fi tu, na inayoanza na SM-X216 ni ya laini. Ya 5G haikulazimishi kuwa eneo lenye 5G, kwa sababu ikikosa inashuka kwenye 4G kama simu yoyote.

Kwa nyumba yenye Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, hili si tatizo. Lakini nyumba nyingi zinaishi kwa bando la simu. Hapo Redmi itategemea hotspoti ya simu ya mzazi, na hotspoti ina masharti yake. Simu inakula chaji haraka. Bando la mzazi linatumika mara mbili. Na kubwa kuliko yote, mzazi akitoka kwenda kazini saa 12 asubuhi, intaneti inatoka naye. Mtoto aliyetakiwa kusoma vitabu kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania anabaki na kile alichopakua jana yake, kama alikumbuka kupakua.

Njia ya katikati ni kununua MiFi, kile kirauta kidogo kinachowekwa laini. Kinabaki nyumbani na kinaweza kuhudumia watu kadhaa. Ila ni pesa nyingine, na ni kitu kingine cha kuchaji. Anayelinganisha bei ya Redmi na ya Samsung ya 5G aweke bei ya MiFi upande wa Redmi kwanza, ndipo aone nani nafuu.

Upande wa pili, laini ndani ya kishikwambi nayo ina kazi yake. Usajili ni kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, hivyo laini ya mtoto inabebwa na mzazi. Na mtoto mwenye bando lake mkononi si lazima alitumie kusoma Baiolojia. Wapo wazazi wanaoiona hotspoti kama ulinzi: mzazi akizima, mchezo umeisha. Hoja hiyo ina uzito wake, mradi mzazi awe nyumbani saa ambazo mtoto anasoma.

Jina moja, kifaa tofauti

Hapa ndipo watu wanaumia. Kuna Galaxy Tab A9+ na kuna Galaxy Tab A9 isiyo na alama ya kujumlisha. Hiyo ya pili ni ndogo, inchi 8.7, kioo chake kina ukali mdogo (1340 kwa 800), na betri yake ni mAh 5100. Si mbaya kwa kazi ndogondogo, ila kusoma kitabu cha PDF chenye kurasa za ukubwa wa A4 kwenye kioo hicho ni kazi ya kukuza na kusogeza, kukuza na kusogeza.

Xiaomi nao wana Redmi Pad SE 8.7, iliyotoka Julai 2024. Hii ndogo ina toleo la 4G linalopokea laini. Kwa hiyo mteja akisikia “Pad SE ya laini ipo”, huenda hajadanganywa, ila anachouziwa ni kingine: inchi 8.7, prosesa nyingine, kioo cha chini zaidi. Picha ya kwenye tangazo la Instagram haikuonyeshi ukubwa. Muulize muuzaji inchi ngapi, halafu soma boksi mwenyewe.

Kasi: usidanganywe na GHz

Redmi inatumia prosesa ya Snapdragon 680. Samsung inatumia Snapdragon 695. Ukisoma karatasi haraka utaona 680 ina GHz 2.4 na 695 ina GHz 2.2, na utasema Redmi ndiyo yenye mbio. Ni kinyume chake.

GHz inasema kori inapiga hatua ngapi kwa sekunde. Haisemi kila hatua inafanya kazi kiasi gani. Kori kubwa za 680 ni Cortex-A73, muundo wa mwaka 2016. Za 695 ni Cortex-A78, muundo wa 2020, na kila hatua yake inabeba kazi nyingi zaidi. Matokeo yake Samsung inafungua programu upesi na haisitisiti sana unaporuka kutoka video kwenda kwenye daftari la maandishi.

Je, mwanafunzi ataiona tofauti? Kwenye PDF na YouTube, kidogo sana. Kwenye darasa la Zoom huku amefungua kitabu pembeni, ataiona. Kwenye gemu nzito ataiona zaidi, na huenda hilo mzazi halimhuzunishi.

RAM na nafasi: hapa Redmi inajibu

Samsung ya bei ya chini huja na RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Redmi inaanzia RAM GB 4 na nafasi GB 128, na ipo ya RAM GB 6 kwa nafasi hiyohiyo. Ukiondoa kinacholiwa na mfumo wenyewe, GB 64 inabana mapema kwa mtu anayepakua video za masomo. Memori kadi inasaidia kuhifadhi video, picha na PDF, lakini programu nyingi zitaendelea kukaa kwenye nafasi ya ndani.

RAM ya GB 4 kwa sasa ni ya kuvumilia. Kishikwambi hakigandi, ila ukirudi kwenye ukurasa uliouacha unakuta unapakiwa upya, na kwa mtu wa bando, kila kupakia upya ni MB zimeondoka.

Muuzaji akisema “hii ni GB 8 RAM”, muulize kama ni nane kamili au nne jumlisha nne. Hizo nne za kuongezea ni kipande cha nafasi ya kuhifadhi kinachoazimwa kufanya kazi ya RAM, nacho ni cha polepole mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Kampuni zote mbili zina kitu hicho. Hakina ubaya, ila kisikuongezee bei.

Chaji na siku ya umeme kukatika

Redmi ina betri ya mAh 8000, Samsung 7040. Kwa hiyo Redmi inakaa zaidi? Kwa matumizi ya kawaida ya kusoma na video, zote ni za siku nzima ya masomo. Mambo yanabadilika kwenye kujaza. Redmi inapokea chaji ya wati 10 tu, Samsung wati 15. Kwa hesabu ya karatasi, betri ya Redmi inabeba kama wati-saa 31, hivyo hata mambo yakienda sawasawa kabisa inahitaji zaidi ya saa tatu kujaa. Samsung ina kama wati-saa 27, karibu saa mbili kwa hesabu hiyohiyo. Kwa uhalisia zote huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu chaji hupungua kasi betri inapokaribia kujaa.

Kama mtaa wenu umeme unarudi saa mbili na kuondoka tena, hiyo tofauti ni kubwa kuliko hizo mAh zilizoandikwa kwenye boksi. Kuweka chaja ya wati 33 ya simu ya baba hakusaidii. Kishikwambi kinachukua kiwango chake tu. Halafu uliza kama chaja imo ndani ya boksi, maana si kila boksi la Samsung siku hizi lina zaidi ya waya.

Kwa hiyo ipi?

Kama nyumbani hakuna Wi-Fi na mtoto anasoma wakati watu wazima hawapo, Galaxy Tab A9+ ya 5G ndiyo jibu, hata kama itamaanisha kusubiri mwezi mmoja zaidi kuongezea pesa. Ni ghali kuliko mwenzake wa Wi-Fi, lakini unalipia kitu ambacho huwezi kukiongeza baadaye.

Kama Wi-Fi ipo, au MiFi ipo tayari, hali inageuka. Redmi ya RAM GB 6 na nafasi GB 128 inampa mwanafunzi nafasi ya kutosha kuliko Samsung ya GB 4 na 64, na upole wa prosesa yake kwenye kusoma hausumbui. Zilipotoka zilikaribiana bei: Redmi ilianzia euro 199 barani Ulaya, Samsung ya Wi-Fi dola 219.99 Marekani. Ukikuta dukani Samsung ya Wi-Fi yenye RAM GB 8 na nafasi GB 128 ikiwa imepishana kidogo na Redmi, chukua Samsung. Ikiwa imepishana sana, acha.

Anayetaka kuandika kwa kalamu, kama fundi mchoro au mwanafunzi wa hesabu anayependa kuandika kwa mkono, asinunue yoyote kati ya hizi kwa ajili hiyo. A9+ haipokei kalamu ya S Pen ya Samsung, na zile kalamu za bei chee zinazouzwa mtaani zinafanya kazi ya kidole tu.

Ukiwa kaunta

Washa kifaa hapohapo, usikubali kuambiwa kitazinduliwa nyumbani. Ingia Mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, ulinganishe jina la modeli, RAM na nafasi na kilichoandikwa kwenye boksi. Kwa Redmi, hakikisha Play Store ipo na inafunguka. Mizigo iliyotengenezwa kwa soko la China huja bila huduma za Google, na ikiwa mtu ameziweka baadaye kwa njia zake, hujui zitadumu hadi lini.

Kwa Samsung ya laini, tafuta IMEI kwa *#06# au kwenye Mipangilio, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya uhakiki ya TCRA. Jibu litakutajia aina ya kifaa, nalo lifanane na ulichoshika. Si utani: Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Vifaa vya Wi-Fi tu havina IMEI, kwa hiyo muuzaji akikupa IMEI ya Redmi Pad SE ya inchi 11, ana maelezo ya kutoa.

Weka laini yako kabla ya kulipa, ufungue ukurasa wowote. Kwa ya Wi-Fi, washa hotspoti ya simu ufanye hivyohivyo.

Ukifika nyumbani kuna jambo moja la dakika mbili linalookoa bando. Kishikwambi kikiunganishwa na Wi-Fi kinaweza kudhani ni ya bure, kikaanza kupakua masasisho ya mfumo na ya programu zote kwa mkupuo, hasa ukitumia MiFi. Gusa jina la mtandao kwenye Mipangilio ya Wi-Fi, tafuta sehemu ya matumizi ya data, ubadilishe mtandao huo uhesabiwe kuwa unaopimwa. Kisha ingia Play Store na kuzima masasisho ya moja kwa moja, uyafanye mwenyewe siku ukipata Wi-Fi ya bure.