Sauti ya Mzee Ndani ya Diski



Mwezi huu tuongee juu ya diski za arusi. Mama mmoja alituletea DVD ya arusi ya binti yake, iliyofanyika Kigobe, Bujumbura, mwaka 2006. Ni saa 2 za nyimbo na zawadi, lakini katikati kuna dakika 4 ambapo mzee wake anawausia maharusi. Mzee amekwisha fariki, na hakuna video nyingine yenye sauti yake. Mama akasema: "Nitoleeni maneno yake tu, niwatumie watoto walioko Marekani."

Kumbe fundi fulani alishamfanyia, kwa kurekodi televisheni kwa simu. Sura ikawa giza, sauti ikajaa kelele za barabarani. Jamani, hakuna haja! Video inatolewa yenyewe ndani ya diski.

Tia diski kwenye kompyuta, fungua folda ya VIDEO_TS. Faili za VOB ndizo zenye picha na sauti. Nakili folda yote kwanza. Diski iliyorekodiwa nyumbani kwa kawaida haina kufuli kama filimu za dukani.

Sasa angalieni: faili moja ya VOB haizidi gigabaiti 1 hivi, kwa hiyo arusi ndefu hugawanywa vipande, hata katikati ya hotuba. Programu ya MakeMKV huviunga kuwa faili moja bila kupunguza ubora, na kwa DVD ni ya bure. Baada ya hapo, kata unachotaka kwa Shotcut, nayo ya bure.

Diski ya mama ilikwama njiani kwa mikwaruzo. Tuliifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Mara ya tatu ikasoma, na mzee akaongea mpaka mwisho.

Kama diski inacheza kwenye mashine iliyoirekodi tu, huenda haikufungwa. Irudishe kwenye mashine ile ile uifunge, ndipo nyingine zitaisoma.

Wazazi, diski hizi zina rangi ndani ambayo jua na joto huiharibu pole pole. Msiziache dirishani wala chini ya bati la moto. Na hata mkishakata dakika 4, msifute video nzima: tunzeni nakala 2, kila moja mahali pake. Leo mnatafuta sauti ya baba, kesho mjukuu atatafuta sura ya bibi aliyekuwa anacheza nyuma.