Wimbo wa Mama, Shamba la Baba

Kila Mkenya aliyepita shuleni amewahi kusimama wima, mikono ubavuni, kwa heshima ya mtoto wa Kipokomo aliyekataa kulala. Wimbo wa taifa ulitayarishwa mwaka 1963 na kamati iliyokuwa na kina Graham Hyslop na George Senoga-Zake, na sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa huko Mto Tana. Aliyeupeleka kwa wanakamati alikuwa mwanamume, Meza Galana, na jina lake limehifadhiwa. Kina mama waliouimba vizazi na vizazi, mtoto mgongoni na jembe mkononi, hakuna aliyewauliza majina.

Ndivyo kumbukumbu zetu zinavyomtendea mwanamke mkulima wa Tana ya chini. Kazi yake tunaitumia, mwenyewe hatumtafuti.

Chukua bibi wa kijiji cha Ngao au Golbanti aliyefika miaka tisini. Wazee wengi wa rika lake wana vitambulisho vyenye sufuri mahali pa siku na mwezi, kisha mwaka aliokadiria karani. Serikali inakiri kwamba alizaliwa. Lini hasa, haikupata nafasi ya kuuliza. Kanisa lilikuwa makini zaidi, kwa sababu kanisa lilifika mapema. Wamethodisti wa Kiingereza walifungua kituo Golbanti mwaka 1885, na mwaka uliofuata mmisionari John Houghton na mkewe wakauawa humo katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza kazi Ngao, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akaketi na wenyeji kuyatia Maandiko katika Kipokomo. Vita viwili vya dunia viliwatimua Wajerumani, na waumini wao wakaishia mikononi mwa Wamethodisti, ambao nao wakajitegemea kama kanisa la Kenya mwaka 1967. Bibi wetu basi ni Mkristo wa kizazi cha pili au cha tatu, ndani ya kaunti yenye Waislamu wengi, na ndugu zake Wapokomo wa juu ya mto huswali msikitini. Harusini hukutana wote, na wali hauulizwi dini.

Wali huo una historia ndefu kuliko kanisa. Mkulima wa Tana hangoji mvua ya kwake. Hungoja mvua ya watu wengine, inayonyesha Mlima Kenya na Aberdare kisha kuteremka mamia ya kilomita hadi Garsen. Mto ulizoea kufurika mara mbili kwa mwaka. Ukivuka kingo huacha tope, na mpunga hupandwa kwa kufuata maji. Kingoni juu kuna migomba na miembe. Nyuma, bondeni, ndipo penye mpunga. Kazi ya mpunga kwa sehemu kubwa ni ya mwanamke: kupanda, kupalilia huku maji yamefika magotini na jicho likiangalia mamba, kisha kuamia. Kuamia kunahitaji kukaa juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, na kupiga kelele kila kundi la ndege linapotua. Usiku huja kiboko, ambaye haogopi kelele. Baada ya hapo kuna kuvuna, kupura, kutwanga na kupepeta. Mtu akikuambia mama huyu "hana kazi, ni mkulima tu", mpandishe dunguni asubuhi moja.

Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto yaliharibu kalenda hiyo. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, huzuia mafuriko madogo, yale hasa yaliyokuwa yakilisha mpunga. Makubwa hulishinda, kama mwaka 2018, maji yakaja kwa fujo na kuwapeleka watu kambini. Serikali nayo ilileta mradi wake wa mpunga hapo delta, chini ya shirika la TARDA, wenye mitaro na mageti. El Niño ya 1997–98 ikauvunjavunja. Wahandisi wakarudi Nairobi. Bibi alirudi bondeni na jembe lake.

Halafu kuna damu. Kati ya Agosti na Desemba 2012 Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waliuana katika vijiji vya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Riketa peke yake walikufa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Tukaambiwa ni ugomvi wa shamba na malisho, wa malka zinazopitisha ng'ombe kwenda mtoni. Ni kweli, ila waliogombania hiyo ardhi na waliozikwa kwa ajili yake hawakuwa daima watu wale wale. Mwanamke wa Kipokomo na mwenzake wa Kiorma walikimbia kutoka kwenye ardhi ambayo hakuna hata mmoja wao angeirithi.

Hapa ndipo penye shida ninayoiona kubwa kuliko mamba na mabwawa. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981. Mzazi akifa bila wasia, inawatambua watoto wa kike sawa na wa kiume. Lakini vifungu vya 32 na 33 vinaziachia mila mashamba, mazao na mifugo katika wilaya zilizotajwa na waziri. Zilitajwa Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa, Lamu, Narok na nyingine za aina hiyo, na Tana River imo. Kwa Wapokomo mila inapeleka shamba kwa wanaume wa ukoo. Bibi aliyelima kipande kimoja miaka sitini anakilima kama mke wa fulani, baadaye kama mama wa fulani, na akifiwa na wote wawili anategemea huruma ya shemeji. Mahubiri ya usawa mbele za Mungu ameyasikia kila Jumapili tangu utotoni. Kikao cha ukoo hukutana siku za kazi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, uwe wa sheria au wa mila. Tangu 2018 serikali imeahidi pia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kupitia mpango wa Inua Jamii. Ni fedha za chumvi, sukari na dawa, na wazee wanazihitaji. Shamba hazinunui. Orodha ile ya wilaya ilitolewa kwa tangazo la waziri katika Gazeti rasmi la serikali. Kuifuta hakuhitaji kura ya maoni wala tume. Waziri aifute, na wabunge wa Garsen, Galole na Bura wawe wa kwanza kumdai.