Kuku Mgeni na Kamba Yake

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Wewe uliyemshika mtetea, mlegeze kidogo apumue.

Mnaijua methali ya kuku mgeni, kwamba hakosi kamba mguuni. Wazee walimfunga ili asitoroke kurudi alikotoka, na kweli hutoroka. Lakini kamba hiyo mimi siipendi.

Mtazameni yule mwekundu anayekula wa kwanza. Huyo ndiye Bi Mkubwa. Humdonoa amtakaye, naye hadonolewi. Wa pili humdonoa wa tatu, wa tatu wa nne, hadi yule mnyonge anayeokota makombo. Kila mmoja anajua cheo chake, ndiyo maana uani kumetulia. Huko Norway alikuwepo mtoto, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyependa kuwatazama kuku na kuandika nani kamdonoa nani. Alipokua akasomea mambo ya wanyama, na mwaka 1922 akachapisha utafiti juu ya vyeo vya kuku. Kwa hiyo mama zenu wakiwakuta mmewakodolea macho kuku, waambieni mnasoma.

Akiingia mgeni, vyeo hupangwa upya, na kila mwenyeji hutaka kumwonyesha cha mtema kuni. Sasa aliyefungwa kamba atakimbilia wapi?

Hawa wageni wetu sita tumewalea kwenye kibanda chao tangu wakiwa vifaranga. Mnakumbuka tulivyowawekea joto? Wakijikunyata pamoja, tulijua wanasikia baridi; wakikaa mbali na moto huku wanahema, tulijua limezidi. Leo wana wiki 12 na manyoya yamekamilika. Kideri tumewachanja, tone moja jichoni, na wenyeji vilevile, maana ugonjwa huo ukiingia humaliza banda zima.

Wiki nzima iliyopita niliwatenga kwa wavu tu. Bi Mkubwa amekuja, amevimba, amedonoa waya mpaka amechoka. Jana alipita bila hata kugeuza shingo. Hapo ndipo nikajua wakati umefika.

Usiku kuku haoni vizuri, kwa hiyo tutawapandisha kwenye fito wenzao wakiwa wamelala. Alfajiri nataka vyombo vitatu vya chakula, kila kimoja mbali na mwenzake, na yale matenga mabovu yalazwe ubavu wapate pa kujificha. Wote watakula chakula cha kuku wanaokua. Kile cha wanaotaga kina madini mengi ya kujenga maganda, nayo huharibu figo za ambaye hajaanza kutaga. Wanaotaga tutawawekea makombe yaliyopondwa kwenye kifuu, pembeni.

Kudonoana kutakuwepo, msilie. Ila mkiona damu, niiteni mbio, tumtoe aliyeumia. Kuku akiona damu haachi.

Haya, jua limezama. Mmoja ashike tochi, amulike chini. Na wewe, nipe huyo mtetea wako. Yeye ndiye atakayepanda wa kwanza.