Hasira ya Siku ya Kwanza: Afya ya Dereva Kijana

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo linalozipata familia nyingi hapa Itigi, lakini mara chache huhesabiwa kuwa jambo la afya. Nalo ni hali ya kijana aliyeanza kazi ya udereva, halafu siku zake za kwanza zikamwendea vibaya.

Tunawafahamu vijana hao. Kijana amekabidhiwa pikipiki ya tajiri. Siku ya kwanza anapata pancha mara mbili kabla ya adhuhuri, abiria mmoja anamtoroka bila kulipa, na jua linapozama hesabu ya tajiri haijatimia. Anarudi nyumbani kimya na kusukuma sahani pembeni. Kisha anachukua ufunguo, anarudi barabarani usiku ili kufidia. Hapo ndipo hatari inapoanza. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao 1,190,000 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Ili tuelewe vizuri, tuwatazame madereva wa mashindano. Nao ni vijana, nao huanza vibaya, ila wao huanguka mbele ya macho ya dunia nzima.

Kijana aliyekwama mchangani

Mwezi Juni 2021 mashindano ya magari ya Safari Rally yalirudi katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha nchini Kenya, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Miongoni mwa madereva alikuwapo Kalle Rovanperä wa Finland, mwenye umri wa miaka 20. Ilikuwa Safari yake ya kwanza. Siku ya Ijumaa alikuwa katika nafasi za mbele, lakini jioni gari lake likazama katika mchanga laini wa Kedong, likakataa kutoka. Kazi ya siku nzima ikapotea hapo.

Je, alifanya nini? Kanuni za mashindano hazikumruhusu kufukuzia muda wake usiku ule. Gari lilitengenezwa, akaongezewa muda wa adhabu, akaanza tena Jumamosi. Alimaliza akiwa wa sita. Mwaka uliofuata alirudi Naivasha akashinda, na mwezi Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 22 na siku moja, akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliomtangulia. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwili unafanya nini mtu anapokwama?

Juu ya kila figo tunayo tezi ndogo. Mtu akishtuka au akikasirika, tezi hizo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, jasho hutoka, na macho hukazia kitu kimoja tu. Hali hii humfaa mtu anayemkimbia nyoka. Dereva haimfai, kwa sababu yeye anapaswa kuona mbele, nyuma na kando kwa pamoja, tena apime kabla ya kuamua. Isitoshe, sehemu ya ubongo inayotuzuia kufanya mambo kwa pupa huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana kijana akikasirika huongeza mwendo pale ambapo mtu mzima angepunguza.

Adrenalini haiishi mara moja. Hata baada ya kisa kupita, mwili huchukua dakika 20 au zaidi kutulia. Pia huficha maumivu, hata mtu aliyeumia akaapa kwamba yu mzima.

Yako mambo mengine matatu yanayoongeza ubaya:

1. Kiu. Katika mbio za joto kali dereva anaweza kupoteza kilo 2 hadi 3 za uzito kwa jasho peke yake. Kijana anayeshinda juani Itigi, katika vumbi, naye hukauka kidogo kidogo. Upungufu wa maji huleta maumivu ya kichwa, wepesi wa hasira na uzito wa mawazo.

2. Njaa. Ubongo hutumia sukari iliyomo katika damu. Asiyekula tangu asubuhi huamua vibaya jioni.

3. Usingizi. Wataalamu wamepima wakaona kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini karibu sawa na mtu aliyekunywa pombe kiasi. Vinywaji vya kuongeza nguvu huficha usingizi kwa muda, lakini haviulipi.

Machozi ya Melbourne

Tarehe 16 Machi 2025 msimu wa Formula 1 ulifunguliwa mjini Melbourne, Australia. Isack Hadjar, kijana wa Ufaransa mwenye asili ya Algeria, umri wake miaka 20, alikuwa anaingia kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa imelowesha barabara. Katika mzunguko wa kujipanga, kabla mbio hazijaanza, gari lake liliteleza likagonga ukuta. Msimu wake ulifunguliwa bila yeye kushindana hata mita moja. Alitembea kurudi akilia, kofia ngumu bado ikiwa kichwani.

Wazee wawili walilisema jambo lile kwa namna mbili. Mshauri mmoja wa kampuni inayomiliki timu yake alisema hadharani kwamba kilio kile kilitia aibu. Mwingine, Anthony Hamilton, baba wa bingwa Lewis Hamilton, alimfuata kijana ambaye si wa timu ya mwanawe, akamkumbatia, akatembea naye huku akizungumza naye. Wiki tatu baadaye, huko Japani, Hadjar alipata pointi zake za kwanza. Tarehe 31 Agosti 2025, huko Zandvoort nchini Uholanzi, alishika nafasi ya tatu.

Hatusemi kwamba kukumbatiwa ndiko kulikompa nafasi hiyo. Tunachosema ni kwamba kulia si ugonjwa wala si udhaifu. Ni njia mojawapo ya mwili kujishusha baada ya mshtuko.

Nyumbani tufanye nini?

Dereva wa mashindano anayo kanuni inayomzuia. Kijana wetu wa bodaboda hana. Familia ndiyo kanuni yake. Kwa hiyo:

(a) Akirudi amekasirika, asipande tena chombo usiku huo. Baba au kaka mkubwa achukue ufunguo kwa upole.

(b) Apewe maji kwanza, kisha chakula. Maswali yangoje.

(c) Asidhihakiwe wala kulinganishwa na mtoto wa jirani. Aulizwe, "Umeumia wapi?" kabla ya kuulizwa, "Umeleta shilingi ngapi?"

(d) Hesabu ikiwa pungufu, mtu mzima aende naye kwa tajiri asubuhi. Deni la siku moja hulipika. Mguu uliokatika haulipiki.

(e) Pombe isitumike kutuliza hasira.

(f) Alale, na kesho yake akague breki, taa na tairi kabla ya kuondoka, na kofia ngumu ifungwe mkanda.

Aende hospitali lini?

Katika Formula 1, gari likigonga kwa nguvu sana, taa maalumu huwaka, na dereva lazima apimwe na daktari hata kama ametoka kwa miguu yake. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kijana aliyeanguka apelekwe haraka, iwe Hospitali ya Mtakatifu Gaspar hapa Itigi au kituo kilicho karibu, akionyesha mojawapo ya dalili hizi: alizimia hata kwa muda mfupi, anatapika, kichwa kinamuuma na kuzidi, damu au maji yanatoka masikioni au puani, anasinzia ovyo au anachanganya maneno, tumbo ni gumu na linauma.

Ipo pia dalili isiyo na damu. Kijana asiyelala vizuri, asiyekula, anayejitenga na wenzake kwa majuma mawili au zaidi, huyo anahitaji kuonana na mganga. Akisema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake, na msingoje majuma mawili. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Barabara ya lami itokayo Manyoni kwenda Tabora itakuwapo kesho asubuhi, na abiria pia watakuwapo. Tumsaidie kijana wetu naye awepo.