Mabinti wa Aisilandi na Mpira wa Miguu

Watu wengi hudhani kwamba nchi yenye watu wachache haiwezi kupata timu nzuri ya mpira. Wengine hudhani kwamba mpira ni mchezo wa wanaume tu. Katika somo hili utasoma habari za nchi moja ndogo ya Ulaya. Timu yake ya taifa ya wanawake imeingia katika mashindano makubwa ya Ulaya mara tano mfululizo. Utaona timu hiyo ilianzaje, ilisimamaje, na ilirudije uwanjani.

NCHI YENYEWE

Nchi hiyo inaitwa Aisilandi. Ni kisiwa kilichoko mbali sana kaskazini, katika Bahari ya Atlantiki. Ina milima ya moto, na sehemu kubwa za juu hufunikwa na barafu mwaka mzima. Tangu zamani watu wake wamekuwa wavuvi na wafugaji wa kondoo. Mji mkuu ni Reykjavik.

Watu wote wa Aisilandi hawafiki 400,000. Karibu nusu yao ni wanawake. Sasa ondoa watoto wadogo. Ondoa na wazee. Wanaobaki ndio wanaoweza kucheza mpira, nao ni wachache. Ujerumani ina watu zaidi ya milioni 80. Hata hivyo, timu hizi mbili hukutana uwanjani, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

MAJINA YAO

Ukiyaona majina ya wachezaji hawa unaweza kushtuka. Ni marefu, na yana herufi ngeni. Lakini maana yake si ngeni kwako. Kwetu husemwa Fatuma binti Salim. Watu wa Aisilandi nao hufanya hivyo hivyo. Neno lao "dóttir" maana yake ni binti. Kwa hiyo Viðarsdóttir ni binti Viðar, na Gunnarsdóttir ni binti Gunnar. Ile herufi ð husomwa kama "dh" katika neno "dhahabu". Mwanamke akiolewa habadilishi jina. Hubaki binti wa baba yake mpaka kufa.

MWANZO WA TIMU

Mashindano ya kwanza ya nchi nzima ya klabu za wanawake yalifanyika mwaka 1972. Wakati huo wanawake wa Aisilandi walikuwa wanadai haki zao katika mambo mengi. Tarehe 24 Oktoba 1975 waliamua kupumzika kwa siku moja. Karibu wanawake 9 katika kila 10 hawakwenda kazini, hawakupika, wala hawakulea watoto. Viwanda vya samaki vilisimama. Baba walikwenda kazini na watoto wao. Siku ile kila mtu aliona kazi ya wanawake ilivyo kubwa. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya usawa wa wanawake na wanaume. Mwaka 1980 wananchi walimchagua mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, kuwa rais wao.

Mwaka 1981 timu ya taifa ya wanawake ilicheza mechi yake ya kwanza. Ilikwenda Uskoti, ikafungwa mabao 3 kwa 2. Haikuwa aibu. Timu changa ilikuwa imefunga mabao mawili ugenini.

TIMU YASIMAMA

Lakini kuanzisha jambo si sawa na kulitunza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 timu ilisimama. Kwa miaka kadhaa wanawake wa Aisilandi hawakuwa na timu ya taifa. Nchi ilikuwa ile ile, na wasichana walikuwa wale wale. Kilichokosekana ni matunzo. Mche usipomwagiwa maji hunyauka, hata kama mbegu ilikuwa nzuri.

Timu ilirudi uwanjani mwaka 1992. Miaka miwili baadaye ilikutana na Uingereza katika mechi mbili za kutafuta nafasi ya kwenda mbele. Ilifungwa 2 kwa 1 nyumbani, na 2 kwa 1 ugenini. Ilishindwa, lakini ilionyesha kwamba pengo si kubwa.

VIWANJA NA WALIMU

Je, nchi hii ndogo ilifanya nini?

Kwanza, ilijenga viwanja. Katika Aisilandi majira ya baridi ni marefu. Theluji hufunika uwanja, na katikati ya majira hayo mwanga wa jua huonekana kwa saa nne hivi kwa siku. Zamani wachezaji walikaa miezi mingi bila kucheza juu ya nyasi. Mwaka 2000 ulifunguliwa ukumbi mkubwa katika mji wa Keflavik, wenye uwanja kamili wa mpira ndani yake. Kumbi nyingine zilifuata. Pia vilijengwa viwanja vidogo zaidi ya 100 vya nyasi bandia, vingi karibu na shule. Mtoto akitoka darasani anaukuta uwanja mlangoni.

Pili, ilisomesha walimu wa mpira. Mamia ya walimu walihudhuria mafunzo na kupata vyeti. Hawa hawafundishi timu kubwa tu. Hufundisha hata watoto wadogo wa miaka sita au saba, nao hulipwa kwa kazi hiyo.

Tatu, wasichana hawakutengwa. Klabu ile ile inayofundisha wavulana inafundisha na wasichana. Uwanja ni ule ule, na walimu wana vyeti vile vile.

BINTI WA VISIWANI

Mmoja wa watoto waliokua katika miaka hiyo ni Margrét Lára Viðarsdóttir. Alizaliwa mwaka 1986 katika visiwa vidogo vya Vestmannaeyjar, kusini mwa nchi. Visiwa hivyo vina watu elfu chache tu, na wengi ni wavuvi. Mwaka 1973 mlima ulilipuka huko usiku, na watu karibu wote walikimbia kwa mashua. Moto ulipotulia wengi walirudi, wakaondoa majivu, wakajenga upya.

Margrét Lára aliingia timu ya taifa mwaka 2003, akiwa bado msichana mdogo. Alicheza mpaka mwaka 2019. Katika mechi 124 alifunga mabao 79.

KATIKA MASHINDANO YA ULAYA

Oktoba 2008 benki kubwa za Aisilandi zilianguka. Watu walipoteza akiba zao na kazi zao. Mwezi huo huo timu ya wanawake ilicheza na Ayalandi, ambayo ni nchi nyingine, kutafuta nafasi katika mashindano ya Ulaya. Mechi ya kwanza walitoka sare 1 kwa 1. Ya pili ilichezwa Reykjavik, juu ya uwanja ulioganda kwa baridi. Aisilandi ilishinda 3 kwa 0. Ilikuwa timu ya kwanza ya taifa ya wakubwa ya nchi hiyo, ya wanaume au ya wanawake, kufuzu kuingia mashindano makubwa. Wanaume walifuzu miaka saba baadaye, mwaka 2015.

Soma sasa habari za mashindano matano ya wanawake:

Mwaka 2009, Ufini: Walifungwa mechi zote tatu.

Mwaka 2013, Uswidi: Walitoka sare na Norwe, wakaifunga Uholanzi 1 kwa 0, wakafika robo fainali.

Mwaka 2017, Uholanzi: Walifungwa mechi zote tatu.

Mwaka 2022, Uingereza: Walitoka sare 1 kwa 1 mara tatu, na Ubelgiji, na Italia, na Ufaransa. Waliondoka bila kufungwa hata mechi moja.

Mwaka 2025, Uswisi: Walifungwa mechi zote tatu.

Ukihesabu, utaona kwamba mara nyingi walifungwa. Huo ndio ukweli. Lakini ili kufika huko wameshinda timu nyingi. Hata Ujerumani, iliyokuwa bingwa wa dunia mara mbili, waliifunga kwao Ujerumani mwaka 2017, mabao 3 kwa 2. Julai 2024 waliifunga tena, 3 kwa 0, mjini Reykjavik. Nahodha wao siku hizo za 2024 alikuwa Glódís Perla Viggósdóttir, beki wa klabu kubwa ya Bayern huko Ujerumani.

Lipo jambo moja ambalo hawajalipata: Kombe la Dunia. Septemba 2022 walicheza na Uholanzi. Sare ingetosha kuwapeleka. Dakika 90 zilikwisha bila bao. Katika dakika za mwisho za nyongeza Uholanzi ikafunga. Mwezi uliofuata walipewa nafasi nyingine, wakafungwa na Ureno 4 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Dakika chache zinaweza kubeba kazi ya miaka minne.

NAHODHA NA MSHAHARA WAKE

Sasa soma habari nyingine, isiyohusu mabao. Sara Björk Gunnarsdóttir aliichezea Aisilandi mechi 145, na kwa miaka mingi alikuwa nahodha. Mwaka 2020 alijiunga na klabu ya Lyon ya Ufaransa, akafunga bao katika fainali ya klabu bingwa za Ulaya.

Mwaka 2021 alipata mimba. Alirudi kwao Aisilandi kungoja kujifungua. Lakini mshahara wake haukuja wote kama mkataba ulivyosema. Mtu mwingine angenyamaza, akiogopa kufukuzwa. Sara hakunyamaza. Alikwenda kwenye chama cha wachezaji wa dunia, FIFPRO, na pamoja wakapeleka madai yao FIFA, shirikisho la mpira la dunia.

Tangu Januari 2021 FIFA ilikuwa na sheria mpya. Mchezaji mwanamke anayejifungua ana haki ya likizo ya wiki 14 au zaidi, na alipwe angalau theluthi mbili za mshahara. Klabu haiwezi kumfukuza kwa sababu ya mimba. Sheria ilikuwa imeandikwa, lakini ilihitaji mtu wa kuisimamia. Mwezi Mei 2022 baraza la FIFA liliamua kwamba Sara alikuwa na haki. Klabu iliamriwa kumlipa zaidi ya yuro 82,000. Julai mwaka huo alikuwa tena uwanjani na timu ya taifa, huku mtoto wake hajatimiza mwaka mmoja.

Huko kwao pia mambo yamebadilika. Mwaka 2018 chama cha mpira cha Aisilandi kilitangaza kwamba posho za ushindi za timu ya taifa ya wanawake zitalingana na zile za wanaume.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, Aisilandi haikuongeza watu ili ipate timu. Iliwatunza wale wachache iliokuwa nao. Ilipoacha kuwatunza wasichana, timu ilikufa. Iliporudi kuwapa uwanja, mwalimu na haki, timu ilifufuka. Na haki yenyewe haikuja peke yake. Waliidai kwa umoja, kama mwaka 1975, na waliidai kwa kujua sheria inasemaje, kama alivyofanya Sara. Mwenye kujua kusoma mkataba wake hadhulumiwi kwa urahisi.

MANENO MAPYA

Kufuzu: kupata nafasi ya kuingia mashindano.
Mkataba: makubaliano ya kazi yaliyoandikwa.
Nyasi bandia: nyasi zilizotengenezwa kiwandani.
Posho: malipo ya ziada juu ya mshahara.
Theluthi mbili: sehemu mbili kati ya tatu.

MASWALI

1. Neno "dóttir" lina maana gani kwa Kiswahili?
2. Wanawake wa Aisilandi walifanya nini tarehe 24 Oktoba 1975?
3. Taja mambo matatu yaliyosaidia wasichana wa Aisilandi kucheza vizuri.
4. Sare moja huleta pointi 1. Mwaka 2022 timu ya Aisilandi ilipata pointi ngapi kwa jumla?
5. Mchezaji analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ya mshahara huo ni shilingi ngapi?
6. Zungumzeni darasani: Mwanamke mwenye mimba akinyimwa malipo yake ya kazi, afanye nini, na aende kwa nani?