Utepe wa Hanamu na Faida Zake Nyumbani

Nguo haianzi kufa katikati. Huanza kufa ukingoni. Tazameni gauni la mtoto lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Mgongo ungali mzima na kifua kingali kizima, walakini shingo imefumuka, na kwapani nyuzi zaning'inia kama mizizi ya mti uliong'olewa na maji. Mama asema, "Kitambaa hiki kilikuwa kibaya." Pengine kitambaa hakina kosa lolote. Kosa ni la ukingo, ambao haukuvikwa kitu cha kuulinda. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hali kadhalika asiyeziba ukingo wa nguo atanunua nguo nyingine.

Nasi watu wa Shinyanga na Geita tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania huota huku kwetu, Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na nchi jirani. Pamba hiyo ikiisha kuchambuliwa mbegu hufungwa marobota, na marobota mengi huuzwa ng'ambo. Kisha sisi tunaolima pamba twaenda dukani kununua nguo zilizofumwa mbali. Tena yako mambo ya shule. Ada imefutwa katika shule za serikali, za msingi na za sekondari. Walakini sare ni juu ya mzazi mwenyewe, na mwenye watoto wanne ajua uzito wake. Na huko Nyarugusu, Katoro na Kahama, fedha ya dhahabu huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Mtu aweza kupata leo na kukosa mwezi mzima. Nyumba yenye cherehani na mkono uliofundishwa haingoji bahati ya shimoni.

Basi leo twapenda kueleza kazi moja ndogo ambayo mama, au binti anayejifunza ushonaji, aweza kuifanya kwa mabaki ya nguo: kutengeneza utepe wa hanamu kwa kifaa cha kukunjia. Kwanza yafaa tujue hanamu ni nini, maana wengi hukata utepe bila kulijua neno hili, na kazi yao huharibika.

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili. Nyuzi za mtande zaenda kwa urefu wa jora. Nyuzi za mshindio zapita kati yake kwa upana. Kivute kitambaa cha pamba kwa njia ya mtande, hakinyooki. Kivute kwa njia ya mshindio, kitakubali kidogo tu. Lakini ukishika pembe mbili zinazoelekeana na kuvuta, mara kitanyooka na kulegea mkononi. Sababu yake ni hii: nyuzi zimepishana na kufanya vyumba vidogo vya mraba. Ukivuta kwa pembe, vyumba hivyo hulala upande, kama kitanda cha kamba ambacho miguu yake imelegea, nacho huinama chote ukikisukuma kwa pembe. Njia hiyo ya kukata mshazari, katikati ya mtande na mshindio, ndiyo iitwayo hanamu. Siri hii ndiyo iliyomfanya mshonaji Madeleine Vionnet wa Ufaransa (1876–1975) apate sifa kubwa katika miaka ya 1920, kwa magauni yake yaliyokatwa hanamu na kuufuata mwili bila kubana.

Sasa twaelewa kwa nini utepe uliokatwa kwa kufuata uzi haufai katika shingo. Shingo ni duara, na ukanda ulionyooka haukubali kuzunguka. Utafanya mikunjo kama uso wa mzee. Ukanda wa hanamu huzunguka shingo, kwapa na pembe za kitambaa cha kulishia mtoto, ukalala kimya. Tena nyuzi za ukingo uliokatwa hanamu hazichomoki upesi. Watu wa pwani tangu zamani walitia taraza katika pindo za nguo zao za thamani, kwa urembo na kwa kuimarisha ukingo. Utepe wetu ni wa ukoo huo, ila huu waweza kupinda.

Kifaa chenyewe ni kidogo, chatosha katika kiganja. Ni kibati chenye mdomo mpana nyuma na mdomo mwembamba mbele, juu kina ufa mdogo wa kupitishia ncha ya sindano, na mbele kina kishikio cha waya. Ukanda huingia bapa kwa nyuma, na ndani kingo zake mbili hukunjwa kuelekea katikati, hata hutoka mbele ukiwa utepe uliokunjwa. Vifaa hivi hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali. Vitumiwavyo sana ni vya milimita 6, 12, 18 na 25. Hesabu hiyo ni upana wa utepe unaotoka. Ukanda utakaokata yapasa uwe karibu mara mbili: kwa kifaa cha milimita 12, kata sentimita 2 na nusu, yaani inchi moja, kwa cha milimita 25, kata sentimita 5 kasoro kidogo. Ukikata mwembamba mno, upande mmoja hautakunjwa. Ukikata mpana mno, utakwama ndani.

Sasa tushike kazi yenyewe.

Kwanza, chagua kitambaa. Pamba tupu ni bora, maana hupokea alama ya pasi na kuishika. Mabaki ya kitenge yafaa, kanga kuukuu yafaa, hata mgongo wa shati la mtumba wafaa kama ungali imara. Ukiwa na shaka kama ni pamba, choma nyuzi mbili tatu mbali na watoto: pamba hunuka kama karatasi iunguayo na kuacha jivu laini, nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha donge gumu. Kisha fua kitambaa kabla ya kukikata. Pamba mpya hunywea majini, na utepe usiofuliwa ukishonwa leo utakunjana na kuvuta shingo ya nguo siku ya kufuliwa. Tena rangi nyekundu yaweza kutoka na kuchafua ukosi mweupe. Afadhali itoke sasa katika karai kuliko baadaye katika sare ya mtoto.

Pili, tafuta hanamu. Twaa kipande cha mraba. Ushike ukingo wa mshindio uulaze juu ya ukingo wa mtande, upate pembe tatu. Mkunjo ulio mrefu kuliko yote ndio hanamu yenyewe. Upige pasi kidogo, fungua, uchore juu yake kwa chaki na rula. Kutoka mstari huo, chora mingine sambamba, pande zote mbili, kwa upana ulioutaka. Kata kwa mkasi mkali, wala usikivute kitambaa unapokata.

Tatu, unga kanda zako. Hapa ndipo wengi hukosea. Usiweke ncha juu ya ncha kwa kufuata urefu wake. Ziweke kanda mbili nyuso zikitazamana, moja ikilala na nyingine ikisimama, zipate pembe ya mraba, na vipembe vidogo vichomoze kila upande. Shona mshono wa mshazari kutoka bonde hata bonde kati ya vipembe hivyo, kwa nafasi ya milimita 6. Fungua mshono, upige pasi, ukate vipembe. Mshono wa namna hii hutawanya unene, na kiungo hupita katika kifaa bila kukwama.

Nne, pitisha ukanda katika kifaa. Kata ncha yake iwe kali, uitie kwa nyuma, upande wa ndani wa kitambaa ukitazama juu, ukaisukume kwa sindano kupitia ule ufa mpaka itokeze mbele. Bandika ncha hiyo kwa pini juu ya meza ya pasi. Kisha shika kishikio, uvute kifaa nyuma polepole, na pasi ikifuata karibu sana nyuma yake, ili mkunjo upate moto kabla haujafunguka. Usiuvute ukanda wenyewe, maana hanamu ikivutwa chini ya pasi hunyooka, na utepe hutoka mwembamba. Wenye pasi ya mkaa na waipanguse kwanza na kuangalia jivu lisidondoke; tena waijaribu katika kipande kingine, wasije wakaunguza kazi ya saa nzima.

Asiye na kifaa asikate tamaa. Chukua pini ndefu, uichomeke katika kitambaa cha meza ya pasi: iingie, itokeze juu kwa nafasi iliyo sawa na upana wa utepe uutakao, kisha izame tena. Kunja mwanzo wa ukanda kwa mkono, uupitishe chini ya pini hiyo, uuvute taratibu na pasi ikiukandamiza upande unaotokea. Kazi ni ya polepole, lakini utepe ni uleule.

Utepe ukiisha kukunjwa hivyo waweza kuukunja tena katikati kwa urefu wake, ili uukumbatie ukingo kwa pande zote mbili. Lakini upande mmoja uache upana kidogo kupita wa pili, kama milimita moja tu. Upande huo mpana ndio utakaokaa chini ya nguo. Unaposhona juu, sindano ya cherehani itaukamata bila shaka, wala hutaona baadaye mahali palipokosa mshono.

Katika kuushona, fungua mkunjo mmoja, linganisha ukingo wa utepe na ukingo wa nguo, ushone ndani ya alama ya pasi. Kisha ugeuze uvuke upande wa pili, uufunge kwa mkono au kwa cherehani. Shingoni na kwapani, ambako ukingo waingia ndani, uvute utepe kidogo sana unaposhona. Katika pembe za mviringo zitokazo nje, kama za kitambaa cha kulishia mtoto, usiuvute; uuache ulegee kidogo. Mwenye kushika kanuni hizi mbili hatapata mikunjo.

Labda mtu atauliza, "Kazi yote hii kwa ajili ya utepe ambao wauzwa dukani?" Na tufanye hesabu. Kipande cha mraba cha sentimita 40, kikikatwa kanda za sentimita 2 na nusu, hutoa zaidi ya mita 5 za utepe, hata ukiisha kupunguza viungo na ncha fupi. Shingo ya gauni la mtoto mdogo na kwapa zake mbili zahitaji mita moja na kidogo. Basi kipande hicho, ambacho fundi hukifagia jioni pamoja na nyuzi, chatosha magauni manne. Nenda sokoni kwenu, uulize bei ya mita 5 za utepe, uiandike katika daftari. Kisha nenda barazani kwa fundi, umwambie kwa heshima, "Shikamoo fundi, naomba mabaki yako ya pamba." Mara nyingi atakupa bure, maana kwake ni taka. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo faida yako, na kifaa hakichukui muda mrefu kurudisha gharama yake.

Tena iko faida nyingine kupita ya fedha. Utepe wa dukani una rangi chache, na mwingi umechanganywa na nyuzi za plastiki, hauendi vizuri pamoja na kitenge. Utepe uliokatwa katika kitambaa kilekile cha gauni hulingana nalo kabisa. Mshonaji anayeweza kumaliza shingo namna hii aweza kuomba ujira wa haki, na mteja akageuza nguo ndani nje bila kumwaibisha. Vyuo vya ufundi vya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ushonaji. Lakini si kila binti apata nafasi au nauli ya kwenda huko. Utepe ni somo ambalo mama aweza kulianza nyumbani, kwa mkasi, pasi na kipande cha kanga.

Ndugu wasomaji, anzeni na kitu kidogo. Msianze na gauni la sikukuu. Shoneni kwanza kitambaa cha kulishia mtoto, au kishikio cha sufuria, mkakizungushie utepe pembe zote. Kifueni mara tatu, mkianike juani, kisha mkivute ukingoni kwa mikono miwili. Kikikaa bila kufumuka, shikeni sare ya mtoto iliyochakaa shingoni, mkate ukingo ulioharibika, mkaivike utepe. Mtoto ataivaa tena mwaka huu, na pengine mdogo wake ataivaa mwaka ujao.